Seli Inayokataa Kufa: Sumukuvu, Mgeuko wa Jeni na Msamiati wa Saratani kwa Mfano wa Kitui na Makueni

Utangulizi

Mnamo Aprili mwaka 2004, Wizara ya Afya ya Kenya ilianza kufuatilia ugonjwa wa ini uliozuka ghafla katika wilaya za Makueni na Kitui, katika uliokuwa Mkoa wa Mashariki. Wagonjwa walifika hospitalini macho yakiwa ya manjano na maini yao yakishindwa kufanya kazi. Kufikia tarehe 20 Julai mwaka huo wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyoingiwa na aflatoksini, sumu inayotolewa na kuvu iitwayo kitaalamu Aspergillus flavus. Tukio hilo lingali miongoni mwa milipuko mikubwa zaidi ya aina yake iliyowahi kuandikwa popote duniani.

Makala haya hayakusudii kuisimulia upya misiba hiyo. Yanakusudia kuchunguza jambo lililo mpakani mwa biolojia na isimu. Sumu ileile iliyowaua watu kwa majuma machache kwa kuziua seli za maini yao, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huua kwa namna iliyo kinyume kabisa: huzizuia seli zisife. Kifo cha kwanza huonekana, huhesabiwa na kutangazwa. Cha pili huja baada ya miaka mingi kwa jina la saratani ya ini, na ni nadra jamaa za marehemu kukihusisha na ghala lao. Je, Kiswahili kinaweza kuvitenganisha vifo hivi viwili kwa maneno ambayo mkulima wa Kibwezi au Mutomo atayaelewa? Swali hili si la anasa ya kitaaluma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, katika chumba cha daktari maelezo huvuka mito miwili: tabibu amesoma kwa Kiingereza, anaeleza kwa Kiswahili, na mgonjwa anayatafakari kwa Kikamba. Neno la katikati likiwa bovu, hakuna kitakachofika ng'ambo.

Mahindi ya mwaka 2004

Yafaa ieleweke kwanza jinsi sumu ilivyoingia chakulani. Ukame huidhoofisha mimea, na kuvu hii hupenda mmea uliodhoofika kwa kiu na joto. Mahindi yaliyovunwa mapema mwaka 2004 yalikutwa pia na mvua isiyo ya msimu, yakahifadhiwa yangali na unyevu. Chakula kilikuwa haba, na familia nyingi zikayaweka mahindi ndani ya nyumba badala ya ghalani, kwa kuhofia wezi. Humo ndani hewa ni kidogo na joto ni jingi.

Watafiti walipokusanya sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka masoko 65 ya eneo lililoathirika, asilimia 55 zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, yaani sehemu 20 za aflatoksini kwa kila sehemu bilioni moja. (Kiwango hicho baadaye kilishushwa hadi 10.) Asilimia 7 zilipita sehemu 1000. Hii ina maana kwamba hata aliyekwisha kula mahindi yake na kwenda sokoni kununua mengine hakuwa na pa kukimbilia.

Aidha, mlipuko huo haukuwa wa kwanza. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa kwa ugonjwa uohuo na 12 wakafa. Baada ya 2004, mahindi yenye sumu yaliua tena katika eneo hilo mwaka 2005 na 2006. Basi watu wa sehemu hizi hawakuonja aflatoksini mara moja tu. Kati ya mlipuko na mlipuko kuna miaka ya kawaida, ambapo hakuna anayeugua ghafla, lakini isyo huchemshwa, muthokoi hutwangwa na ugali husongwa kwa mahindi yenye sumu kiasi. Moto wa jikoni hauiangamizi aflatoksini. Kukoboa mahindi ili kutengeneza muthokoi huipunguza, kwa sababu sehemu kubwa yake hukaa kwenye ganda na kiini, lakini hakuimalizi. Ni katika miaka hiyo ya kimya ambapo hadithi ya jeni huanza.

Vifo viwili vya seli

Kwa muda mrefu wanapatholojia walijua kifo cha seli cha aina moja: seli hudhurika, huvimba, hupasuka na kumwaga vilivyomo, na mwili huitikia kwa uvimbe na maumivu. Hicho tukiite kifo cha ajali. Ndicho kilichotawala katika maini ya wagonjwa wa 2004, ambapo sumu ilikuwa nyingi kiasi cha kuziangamiza seli kwa mafungu.

Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walichapisha makala wakidai kwamba ipo aina nyingine. Katika aina hii seli hujikunyata, hujikatakata vipande vilivyofungwa vizuri, na seli jirani huvimeza bila ghasia. Walihitaji jina. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa lugha wanapaswa kulitia maanani: wanasayansi hao hawakujibunia neno wenyewe. Walimwendea James Cormack, profesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, naye akawapa neno la Kigiriki linaloeleza kuanguka kwa majani kutoka mtini au petali kutoka uani. Idara ya lugha ndiyo iliyoipa sayansi ya seli mojawapo ya maneno yake makuu.

Kiswahili kinalo neno la picha hiyohiyo, tena halihitaji kukopwa: kupukutika. Mbuyu wa Kibwezi hupukutika majani wakati wa kiangazi, na hakuna mwenyeji anayedhani kwamba mti umekufa. Huyaacha majani yaende ili wenyewe ubaki hai. Hivyo ndivyo mwili unavyofanya na seli zake. Vidole vya mtoto aliye tumboni hutengana kwa sababu seli zilizokuwa katikati yake hupukutika. Mkono huanza kama kafi. Katika mnyoo mdogo aliyechunguzwa na Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz, seli 1090 huzaliwa mwili unapojengwa, na 131 miongoni mwazo hufa, zilezile kila mara. Kazi hiyo iliwapatia watatu hao Tuzo ya Nobeli mwaka 2002.

Istilahi nyingine zinazowezekana zina kasoro. “Kujiua kwa seli” huja na aibu na kukata tamaa, mambo yasiyokuwamo katika seli. “Kifo kilichopangwa” kinaeleweka, lakini sikio la Mswahili husikia njama. Kilichopangwa ni mauaji. “Mpukutiko wa seli” ni bora zaidi, ijapokuwa nao una dosari ambayo haifai kufichwa: kitenzi kupukutisha hutumiwa pia kwa maradhi yanayoua watu kwa wingi, kama tusemapo kwamba ndui iliwapukutisha wanakijiji. Muktadha, hata hivyo, hutenganisha maana hizo bila taabu kubwa, na picha ya mti inabaki kuwa sahihi. Ni kweli kwamba tangu 1972 namna nyingine kadhaa za kifo cha seli zimegunduliwa, baadhi zikichanganya sifa za hivi viwili, na hizo nazo zitahitaji majina. Kwa mada hii viwili vinatosha.

Herufi moja

Aflatoksini inapofika kwenye ini, vimeng'enya vya ini lenyewe, katika jitihada za kuisafisha, huigeuza kuwa epoksidi kali inayoshikamana na DNA. Inashikamana na herufi moja hasa, G, yaani guanini. Mara nyingi seli hulitengeneza jeraha hilo. Ikishindwa, seli inapojigawa G husomwa visivyo na mahali pake hukaa T. Badiliko hilo la kudumu katika maandishi ya jeni ndilo linaloitwa hapa mgeuko.

Mwanafunzi wa fonolojia hatashangaa kwamba herufi moja inaweza kuangusha maana. Jozi mlinganuo finyu kama paa na baa humwonyesha kila siku. DNA husomwa kwa vikundi vya herufi tatu, na kila kikundi, kiitwacho kodoni, huita asidi amino moja. Lugha hiyo ina visawe vyake: AGG na AGA zote huita arijinini, kwa hiyo anayebadilisha moja kwa nyingine hajaharibu kitu. Lakini AGG na AGT si visawe. AGT huita serini. Katika jeni iitwayo TP53, iliyo kwenye kromosomu ya 17, kodoni ya 249 ni AGG. Hapo ndipo aflatoksini hupenda kuacha alama, ikiigeuza G ya mwisho kuwa T. Mwaka 1991 timu mbili zilitangaza ugunduzi huo katika jarida la Nature. Moja ilichunguza saratani za ini kutoka Qidong nchini Uchina, ikakuta badiliko katika kodoni hiyohiyo kwenye wagonjwa 8 kati ya 16. Nyingine ilipata alama hiyo kwa wagonjwa wa kusini mwa Afrika. Katika saratani nyingine migeuko ya jeni hii hutawanyika huku na kule. Kurudiarudia kwake mahali pamoja, katika nchi ambazo chakula chake kina aflatoksini, ni kama mwandiko wa mtu anayejulikana.

Kwa nini kodoni moja iwe na uzito huo? Jeni TP53 hutoa protini iitwayo p53, mnyororo wa asidi amino 393. Kazi yake ni kuikagua seli. DNA ikijeruhiwa kidogo, p53 huisimamisha seli isijigawe hadi itengenezwe. Jeraha likizidi, p53 huiamuru seli ipukutike. Amri hiyo hufuata mlolongo wa hatua ambao makala haya yanapendelea kuuita mkondo, si njia. Njia mtu huifuata apendavyo na hugeuka akitaka. Mkondo huanzia juu, na kinachotokea juu huamua kitakachofika chini. Katika mkondo huu p53 huamsha protini kama PUMA na BAX. Hizi hutoboa mitokondria. Saitokromu c huvuja kutoka mle ndani. Nayo hukusanya na kuwasha vimeng'enya viitwavyo kaspesi, ambavyo huikata seli vipande. Upo mkondo wa pili unaoanzia nje, wakati seli za kinga zinapogusa kipokezi kilicho juu ya ngozi ya seli na kuiagiza ife, na mikondo yote miwili hukutana kwenye kaspesi zilezile za mwisho.

Sasa mtu akiuziba mto huko juu, mashamba ya chini hukauka yote, hata kama mifereji yake ni mizima. Serini ikikaa mahali pa arijinini, p53 hushindwa kuishika DNA ipasavyo, amri haitoki, na mkondo hukauka. Seli iliyojeruhiwa, ambayo kwa haki ya mwili ilipaswa kupukutika, inabaki. Inajigawa na kurithisha makosa yake, na makosa mengine yanaongezeka juu yake. Karibu nusu ya saratani zote za binadamu zina kasoro katika jeni hii moja. Nyingine huuziba mkondo mahali pengine. Protini BCL-2, kwa mfano, huzuia mitokondria isitobolewe, na ikiwa nyingi kupita kiasi seli huishi isipostahili; mwaka 1988 David Vaux na wenzake walionyesha hilo katika seli za damu, na kwa mara ya kwanza ikadhihirika kwamba saratani inaweza kutokana na kutokufa na si kuzaana kwa kasi tu.

Inafaa kugusia hapa, japo kwa kupita, majirani wa Kitui na Makueni ambao wakulima hawawapendi sana. Tembo wa Tsavo wana seli nyingi mno kuliko za binadamu na huishi miongo mingi, kwa hivyo hesabu ya kawaida ingewapa saratani nyingi zaidi. Hawana. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba tembo ana nakala takriban 20 za TP53, ilhali binadamu anarithi moja tu kwa baba na moja kwa mama, na kwamba seli za tembo zikijeruhiwa DNA hupukutika kwa wepesi zaidi. Tembo hulindwa na wepesi wa seli zake kufa.

Ikumbukwe pia kwamba mgeuko mmoja hautoshi kuleta saratani, wala aflatoksini haitendi kazi peke yake. Virusi vya homa ya ini aina ya B huilazimisha ini kujijenga upya kila mara, na seli zinazojigawa ndizo zinazogeuza jeraha kuwa mgeuko wa kudumu. Katika utafiti wa Shanghai uliowafuatilia wanaume zaidi ya 18,000, walioonyesha dalili za aflatoksini pekee walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4 kuliko wasio na chochote. Wenye virusi pekee mara 7.3, wenye vyote viwili mara 59.4. Si jumla, ni zaidi hata ya zao. Hata mwaka 2004, virusi hivyo vilionekana zaidi kwa waliougua kuliko kwa majirani wao wazima. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa watoto wachanga, iliyoingizwa katika ratiba ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni kinga dhidi ya saratani ingawa watu wachache huiita hivyo.

Sumu, kuvu na kaa

Turejee kwenye maneno. Neno “sumu” katika mazungumzo ya kila siku lina sifa mbili: huua upesi, na aghalabu kuna aliyeitia. Mtu hutiliwa sumu. Anayeambiwa kwamba mahindi yake yana sumu, akala, akalala na akaamka mzima, ana haki ya kimantiki ya kuhitimisha kwamba aliyemwambia hakusema kweli. Kwa maana ya neno alilopewa, hajakosea. Maafisa waliotumia neno hilo mwaka 2004 walikuwa sahihi kwa hali ya mwaka huo, kwani watu walikuwa wakifa. Kwa mwaka wa kawaida neno hilohilo linapotosha, kwa sababu madhara ya wakati huo ni herufi iliyobadilishwa katika seli isiyoumwa.

Nchini Tanzania limeenea neno “sumukuvu”, hasa baada ya mlipuko wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambapo watu 68 waliugua na 20 wakafa. Kwa upande wa mofolojia ni neno zuri, limeundwa kwa mashina mawili yanayojulikana na msikilizaji hukisia maana yake papo hapo. Wakenya wengi wameng'ang'ania “aflatoksini”, neno lisilomwambia msikilizaji chochote. Hata hivyo uwazi wa sumukuvu una gharama. Kuvu ni kitu kionekanacho, cha kijani au cha kijivu, na mhunzi wa neno hili amemwahidi mkulima kwamba ataiona. Punje zinaweza kuonekana safi na bado zikawa na aflatoksini. Ukichagua punje zilizobadilika rangi utapunguza hatari, lakini macho hayawezi kutoa cheti. Makala haya yanaliunga mkono neno sumukuvu kwa sharti kwamba kila linapofundishwa, kutoonekana kwake kufundishwe pamoja nalo.

“Saratani” nayo ina historia ya kufurahisha. Katika Kiarabu ni kaa, kama vile maneno ya Kigiriki na Kilatini ya ugonjwa huu yanavyomtaja kaa, kwa sababu waganga wa kale waliona uvimbe wenye mishipa inayotambaa kama miguu yake. Picha hiyo ni ya mnyama mvamizi anayetoka nje. Biolojia ya leo inasema kinyume: hakuna aliyevamia, ni seli ya mwenyewe iliyokataa kupukutika. Hakuna haja ya kuliacha neno saratani, limekwisha kukaa. Ila mwandishi wa kitabu cha afya hana budi kujua kwamba kaa yumo ndani yake na huendelea kutembea katika mawazo ya msomaji.

Kamusi za istilahi tulizo nazo, zikiwemo ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba ya mwaka 2003, zilifanya kazi kubwa ya kuorodhesha vitu: viungo, magonjwa, viambato. Kinachohitajika sasa ni msamiati wa michakato, yaani vitenzi. Katika eneo hili Kiswahili ni tajiri kupindukia. Kutoka shina moja tunapata kupukutika, kupukutisha, kupukutishwa na mpukutiko, na hivyo tunaweza kusema bila kukopa kwamba p53 huipukutisha seli mbovu, na kwamba p53 iliyogeuka haiipukutishi.

Mtihani mwingine wa lugha umekwisha kuwasili mashambani. Watafiti waligundua kwamba kuvu iliyosababisha mlipuko wa 2004 ilikuwa ya aina itoayo sumu kwa wingi mno, na kwamba katika udongo wa Kenya zipo pia jamaa zake zisizotoa sumu kabisa. Aina nne za kienyeji zisizo na sumu ziliunganishwa katika dawa iitwayo Aflasafe KE01, na mwaka 2018 kiwanda cha kuitengeneza kilizinduliwa katika kituo cha utafiti cha KALRO huko Katumani, Machakos. Kuvu hizo hupakwa kwenye punje za mtama zilizokaangwa zisiote, na mkulima hunyunyiza kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, ili ziwahi kulitwaa shamba kabla ya zile zenye sumu. Mkulima aliyeambiwa kwa miaka mingi kwamba kuvu ni sumu sasa anaambiwa ainunue kuvu na kuitawanya shambani kwa mkono wake mwenyewe, na afisa wa kilimo anayesimama mbele yake chini ya mwembe anahitaji neno la kuzitofautisha hizo mbili kabla ya msimu wa mvua za Novemba.